Vitanda Arobaini vya Moshi

Machame, Jumatatu, 7 Machi 1955

Mvua imeanza kupiga bati kabla ya kengele ya asubuhi, na wasichana wa darasa la tatu wakashangilia kana kwamba migomba yote ya Machame ni yao. Saa nne ikaja barua kutoka Tabora, pembe moja imelowa. Ni ya Bwana Filbert, katibu wa Umoja wa Zuhali, ulioitwa kwa ile sayari yenye pete.

Sisi wa Umoja ni watu sitini na kitu, walimu, makarani na mafundi, tuliotapakaa toka Kigoma hadi Mombasa. Tunaandika na kusomeana hadithi za mambo ambayo hayajawa: watu wanaoishi mwezini, vyombo vinavyosafiri kati ya nyota, miji iliyo chini ya bahari. Jarida letu linachapwa Tabora kwa mashine ya mkono. Mwaka mzima tunajuana kwa barua, kisha mara moja tunakutana ana kwa ana katika mji mmoja.

Mwaka huu ni Tanga, siku za Pentekoste. Huko ndiko itakakopigwa kura ya mji wa mkutano wa mwaka kesho. Miji iliyoomba ni miwili, Dodoma na Moshi, na kila mmoja utimize masharti matatu. Ukumbi wa watu sitini. Vitanda arobaini vya wageni, kila kitanda na sahihi ya mwenye nyumba. Na mtu wa kusimama mbele ya mkutano kuutetea mji wake. Mwezi wa tano atakuja mkaguzi kuona kwa macho yake.

Moshi tuko wanachama saba. Ukumbi tunao: shemeji Filemon, mume wa dada yangu, ni mzee wa usharika na ametuahidi ule wa kanisa lao. Wa kusimama ni mimi. Vitanda, sifuri.

Mwika, Jumamosi, 12 Machi

Naandika nikiwa nyumbani kwa rafiki yangu Esther, nitalala hapa. Nimekuja kumwona kaka yake, Elifuraha.

Katika Umoja anajulikana kama E. wa Mwika, na hakuna anayeandika vizuri kumshinda. Hadithi yake ya dunia yote ya barafu imenakiliwa kwa mkono mpaka Bukoba. Kila mwaka watu wanamwandikia, "Bwana E., utakuja lini tukuone?" Naye anajibu, "Mwakani." Wanadhani ni mwongoza wageni mlimani, mtu wa miraba minne. Aliwahi kuwa mpagazi, kweli. Mwaka wa 1946 dhoruba iliwakuta juu kule na mizigo ya wageni, na baridi ikala miguu yake. Hospitali walikata yote miwili juu ya vifundo. Sasa anashona viatu barazani kwa dada yake. "Nashona vya wenzangu," husema, "vyangu havichakai."

Nikamwambia, "Wakija Moshi hutakuwa na safari. Ni saa mbili kwa gari, basi."

Akaendelea kugonga soli. "Umeshawaambia?"

"Nini?"

"Habari za miguu yangu."

"Bado. Lakini nikisimama pale Tanga nikawaeleza, nani atainyima Moshi kura?"

Akaweka nyundo chini. "Hapo ndipo pabaya, Mwalimu. Hawa watu wananijua kwa maneno yangu. Ukiwaleta kwa ajili ya miguu, watakuja kutazama miguu. Niahidi hutasema. Hata kwa hao wenzako wa mjini."

Nimeahidi. Sikufurahi hata kidogo.

Jumatatu, 14 Machi

Vitanda 2. Cha mama na changu. Sisi tutalala jikoni.

Jumamosi, 19 Machi

Nimeshuka Moshi kuonana na Khamisi, fundi cherehani wa pale karibu na soko, mwenzetu wa Umoja. Huyu mtu ana maneno! Katika kila hadithi yake anayeiokoa dunia ni fundi cherehani. Leo ameniambia bila kupepesa macho, "Mwalimu, mimi peke yangu nitaleta vitanda ishirini. Niachie mji." Nikamwomba anionyeshe sahihi. Alikuwa nayo moja, ya kwake mwenyewe.

Nimerudi na mvua kichwani. Sitamtegemea.

Jumamosi, 26 Machi

Vitanda 6. Cha sita kimenitoa jasho. Nilimkuta Mama Ndelilio, jirani yetu, akiwakatia ng'ombe majani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako kaniambia. Ni wageni gani hao?"

"Ni watu wanaosoma hadithi za nyota na mwezi."

"Wametoka huko?"

"Hapana, mama. Wanatoka Tabora na Mombasa."

Akafikiri. "Wanakula mtori wa ndizi?"

"Wanakula."

"Basi ni watu." Akafuta mkono kwenye kanga, akaweka dole gumba.

Jumanne, 29 Machi

Mvua. Vitanda 8.

Jumamosi, 2 Aprili

Mvua. Vitanda 14. Khamisi hajaleta neno.

Jumatatu ya Pasaka, 11 Aprili

Nimekula Pasaka kwa dada. Baada ya chakula shemeji Filemon aliniita kibarazani. Nilijua kuna jambo kwa jinsi alivyokuwa akifuta miwani isiyo na vumbi.

"Yuditha, lile jambo la ukumbi. Wazee wamekaa."

"Wakasemaje, shemeji?"

"Wameuliza, hao watu wa nyota wanamwabudu nani?"

"Kila mtu anaabudu anapoabudu. Wapo Walutheri, wapo Wakatoliki, wapo Waislamu. Hatukutani kuabudu. Tunakutana kusoma."

"Mimi najua."

"Uliwaambia?"

Akarudia kufuta miwani. Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye mchirizi, nikayasikiliza mpaka nikachoka.

"Shemeji, uliwaambia?"

"Kuna uchaguzi wa wazee mwezi wa sita," akasema. "Ungekuwa mahali pangu ungeelewa."

Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma gazeti nilipokuwa na miaka tisa. Ndiye aliyembembeleza baba nisitolewe shule. Katika watu wote wa ukoo huu, nilimhesabu yeye kwanza. Nikainuka nikamuaga dada, nikatembea na mvua mpaka nyumbani. Mama aliniuliza kama nimeshiba. Nikasema nimeshiba.

Jumanne, 12 Aprili

Ukumbi hatuna tena. Sikutoka leo.

Jumamosi, 16 Aprili

Nilishuka Moshi kumwambia Khamisi kwamba tumekwisha. Nilikuta amefunga duka. Msaidizi hana, mke yuko kwao Pangani, nikadhani amenikimbia. Kumbe alikuwa ananitafuta stendi. Alinishika mkono wa koti, akanivuta kwenye matope mpaka upande wa stesheni, akiongea njia nzima.

"Nimesikia habari ya ukumbi wenu. Pole. Sasa tazama hapa."

Lilikuwa ghala la shangazi yake, Bi Shani, mjane mfanyabiashara. Kuanzia Julai linajaa magunia ya kahawa hadi darini. Lakini msimu wa mvua hakuna kahawa. Tuliingia. Lilikuwa tupu, kavu, refu, likinukia maganda ya kahawa, na mwanga ulishuka kutoka madirisha ya juu.

Bi Shani alikuwa amekaa juu ya mzani wa kupimia magunia, ushungi umekaa sawa, miguu haigusi chini.

"Shikamoo, Bi Shani."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu? Huyu mtoto wa ndugu yangu amenisomea hadithi zake siku nne mfululizo. Nimempa ghala anyamaze." Kisha akaacha utani. "Pentekoste ya mwaka kesho litakuwa tupu kama leo. Andika jina langu."

Nje, Khamisi akatoa karatasi mfukoni. Sahihi kumi na moja. Nyingine kwa herufi za Kiarabu, nyingine dole gumba. Hakuja kunionyesha moja moja kwa sababu, alisema, "Uliniangalia siku ile kama mtu aliyekuibia kuku."

Nilikuwa na haki ya kuona aibu, nikaiona.

Vitanda 25.

Alhamisi, 21 Aprili

Khamisi amekaa bomani siku mbili kuomba kibali cha mkutano. Karani alimuuliza kama nyota ni chama cha siasa. Akajibu, "Zingekuwa chama, bwana, zingeshafungiwa." Nikasema siku moja ulimi huo utamponza. Kibali amepata.

Jumatatu, 25 Aprili

Ramadhani imeingia. Vitanda 29.

Jumamosi, 30 Aprili

Mfereji wa juu umepasua ukingo na njia yote ya kwenda kwa kina Elisaria ni mto wa tope. Nimeteleza. Nimeanguka kifudifudi na mkoba, na mkoba ukaingia maji. Nilipoufungua nyumbani, ile orodha ya upande wa mlimani ilikuwa kama nguo iliyochuja rangi. Sahihi kumi na nane zimeyeyuka. Ya Mama Ndelilio, lile dole gumba, imekuwa wingu la buluu.

Mkaguzi anakuja Jumamosi ijayo.

Mama aliitazama karatasi, akanitazama mimi. "Watu hawajayeyuka," akasema. "Nyumba zao ziko palepale."

Kesho ni Jumapili. Nitaanza baada ya ibada.

Jumapili, 1 Mei

Sahihi sita zimerudi.

Jumanne, 3 Mei

Kumi na moja. Goti limevimba.

Alhamisi, 5 Mei

Kumi na nane, zote. Elisaria, ambaye mara ya kwanza alinikubalia kitanda kimoja kwa kunung'unika, aliona goti langu akaandika viwili. Khamisi naye ameongeza sita mjini juu ya zile kumi na moja. Jumla, vitanda 36. Nimeifunga orodha kwenye ngozi ya mbuzi.

Moshi, Jumamosi, 7 Mei

Mkaguzi amekuja na kuondoka, nami naandika nikisubiri gari la kupanda Machame.

Ni Bwana Mussa, karani wa forodha Mombasa, aliyefika kwa treni ya Voi. Mtu mwembamba mwenye daftari na penseli nyuma ya sikio. Tulikuwa tumejigamba katika barua yetu ya maombi kwamba hakuna mji ulio karibu na nyota kuliko Moshi. Alisimama stesheni, akatazama juu. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mapaa.

"Mlima uko wapi?"

"Nyuma ya hilo wingu," nikasema.

"Nitaandika sikuuona." Akaandika.

Aliuliza maswali mpaka Khamisi mwenyewe akaishiwa maneno. Vyoo vingapi? Wanawake watalala wapi, na ufunguo atashika nani? Waislamu watapata wapi chakula chao, na Wakristo chao? Mtu akitoka Tabora atafikaje? Hilo ndilo lililokuwa jiwe letu la kujikwaa. Reli ya kati haiungani na yetu. Mtu wa Tabora ashuke mpaka karibu na Dar es Salaam, kisha apande lori siku nzima hadi Korogwe kuifuata treni ya huku. Nilimwambia hivyohivyo, na kwamba Khamisi amezungumza na mwenye lori mmoja wa Korogwe, na jina lake ni hili hapa.

Alipiga hatua ndani ya ghala akizihesabu. Alipiga kofi asikie mwangwi. Akachagua majina matano kwenye orodha, bila kuniuliza, akataka apelekwe nyumba hizo avione vitanda. Tulikwenda na mvua. Nyumba ya nne, mwenye nyumba alikuwa amekalia kitanda chenyewe asije mtu akakichukua.

Magharibi tulifuturu kwa Bi Shani, tende, uji na tambi, nami Mlutheri nikafuturu nao. Bwana Mussa alikunywa uji wake, penseli bado nyuma ya sikio. Mwisho akasema, "Mimi siruhusiwi kupiga kampeni. Nitasoma nilichokiona. Ukumbi upo. Vitanda vimepungua vinne. Mlima sikuuona." Kisha akaniuliza, sauti imebadilika, "Huyo E. wa Mwika yuko mbali na hapa? Ningependa kumpa mkono."

Khamisi akanigeukia, naye hamjui zaidi ya maandishi.

"Si mbali," nikasema. "Lakini leo haikuwezekana."

Jumanne, 10 Mei

Shemeji Filemon amekuja shuleni saa ya mapumziko, amesimama mlangoni na mwavuli. Hakuingia. "Nasikia mmepungukiwa vinne."

"Ndiyo."

Akaomba karatasi. Akaandika jina lake lote, na cheo chake cha mzee wa usharika, kwa ule mwandiko wake wa kupendeza, mbele ya vitanda vinne. Wazee wenzake wataliona, maana orodha hii imepita nyumba zao wote.

"Na uchaguzi, shemeji?"

"Mwezi wa sita haujafika," akasema, akafungua mwavuli.

Bado sijamsamehe ya Pasaka. Lakini ile karatasi nimeiangalia mara nyingi leo.

Vitanda 40.

Jumanne, 24 Mei

Idi. Khamisi amenishonea gauni la Tanga, hataki malipo. Jina jipya limeingia kwenye orodha ya vitanda, la Bi Shani mwenyewe. Vitanda 41. Jana Esther alileta bahasha ya kura ya Elifuraha, imefungwa kwa lakiri. Wasioweza kusafiri hupiga kura kwa barua.

Tanga, Jumapili ya Pentekoste, 29 Mei

Imekwisha. Niandike kabla sijasahau.

Watu thelathini na wanane ukumbini, na bahasha saba mezani kwa Bwana Filbert. Dodoma ilisimama kwanza. Msemaji wao ni Fikirini, mtu wa reli, mcheshi, sauti nzuri. Ukumbi wenye taa za umeme. Treni mlangoni, kutoka mashariki na magharibi. "Na mwezi wa tano," akamalizia, akinitazama kwa tabasamu, "Dodoma hakuna tope." Wakapiga makofi sana. Hata mimi ningetaka kwenda.

Bwana Mussa akasoma ripoti zote mbili bila kupandisha wala kushusha sauti. Aliposema "mlima sikuuona" watu walicheka.

Nikasimama. Fikirini akauliza kwa adabu, "Mwalimu, mvua ya Pentekoste kwenu ikoje?"

"Inanyesha," nikasema. "Mtalowa."

Wakacheka tena, lakini kicheko kingine. Mtu wa nyuma, wa Kigoma, akainuka. "Dada, mimi nitasafiri siku nne kufika kwenu. Nipe sababu moja."

Sababu ilikuwa mdomoni. Maneno matano tu yangetosha. Niliwaona wote, watu wema, ningewaliza na ningeshinda. Nikamwona Elifuraha akiweka nyundo chini.

Nikafungua ile ngozi ya mbuzi, nikaanza kusoma orodha. Sikusoma idadi. Nilisoma watu. Mama Ndelilio, kitanda kimoja, aliyeuliza kama mnakula mtori. Elisaria, viwili. Mektrida, mkunga, kimoja, atakachokihama mwenyewe. Bi Shani, kimoja, na ghala. Filemon, mzee wa usharika, vinne. Nikasoma yote, ya mlimani na ya mjini, dakika nyingi.

"Ndugu yangu wa Kigoma," nikasema, "wengi wa hawa hawajui kusoma. Hawajawahi kusikia habari za Zuhali. Wamekubali kulala chini ili ninyi mlale juu. Mimi nilipita nyumba za mlimani mara mbili, maana orodha ya kwanza ililowa, na hakuna hata mmoja aliyefuta neno lake. Sababu ni hiyo."

Kura zikahesabiwa. Bwana Filbert akahesabu tena, kwa kuwa Fikirini aliomba, na mimi pia niliomba.

Dodoma ishirini na mbili. Moshi ishirini na tatu.

Fikirini alikuwa wa kwanza kunipa mkono. "Nitaleta mwavuli," akasema.

Mwika, Jumamosi, 4 Juni

Nilipanda Mwika nikikimbia, goti na yote. Elifuraha alikuwa barazani, anapaka rangi kiatu cha mtoto.

"Tumepata! Kwa kura moja!"

Brashi ikasimama. "Moja?"

"Ishirini na tatu kwa ishirini na mbili."

Akaishikilia hewani. Rangi ikamdondokea kwenye aproni.

"Mwalimu, keti. Mimi niliipigia Dodoma."

Nilidhani sikusikia. Kisha nikasikia vizuri sana. Nilisimama nikamwambia mambo ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia habari za tope, za goti, za orodha kusainiwa upya nyumba kwa nyumba. Nilimwambia kwamba bahasha ile niliibeba mimi mwenyewe, kifuani, nisiilowanishe. Esther alichungulia mlangoni akarudi ndani.

Aliniacha nimalize.

"Nimeishi miaka tisa nikiwa mtu kamili kwenye karatasi," akasema. "Kila barua inanijia 'Bwana E.', na Bwana E. anatembea. Nikishika kalamu, natembea. Ulipoanza haya mambo nikasema hutaweza, vitanda arobaini si mchezo. Halafu ukaweza. Nikaogopa. Dodoma ingeshinda, ningeandika 'mwakani' tena, basi."

"Kwa hiyo ulitaka nishindwe."

"Nilitaka nibaki Bwana E." Akafuta mikono polepole. "Uliwaambia?"

"Sikusema neno. Niliulizwa sababu, sikusema."

"Na ukashinda."

"Tukashinda bila wewe," nikasema, hasira bado iko juu.

Hapo akainamisha kichwa, na nilipodhani analia aliinua uso, nikaona anahesabu kitu.

"Hilo ghala," akasema, "mlango wake una ngazi ngapi?"

Nilifikiri. "Tatu. Za mawe, sakafu imeinuliwa ilingane na malori."

"Urefu wake?"

"Sikupima."

"Umepita nyumba arobaini hukupima ngazi tatu? Kapime."

Moshi, Jumamosi, 18 Juni

Hakungoja nipime. Leo saa tano lori la ndizi kutoka Mwika limesimama mbele ya ghala, na Elifuraha amekaa mbele kando ya dereva, amevaa koti na tai. Hajashuka Moshi tangu hospitali. Esther na dereva walimteremsha, wakamkalisha kwenye kigari chake cha mbao chenye magurudumu manne, chini kabisa, usawa wa magoti yetu.

Khamisi alitoka ghalani na mbao mbili begani. Sikuwa nimemwambia kitu, kwa ahadi yangu. Nilisema tu kwamba kuna mgeni atakayehitaji njia ya kupandia. Akatazama, akanitazama mimi, akashusha mbao.

"Huyu ni Bwana Elifuraha," nikasema. "E. wa Mwika."

Khamisi akafuta mikono kwenye suruali. Niliomba Mungu asiseme pole.

"Nilidhani wewe ni mrefu," akasema.

"Nilikuwa," akajibu Elifuraha.

Wakatazamana. Kisha Khamisi akaangua kicheko, na Elifuraha naye, mpaka Bi Shani akatoka kuuliza nani amekufa. Wakapeana mikono. Khamisi alichuchumaa ndipo wafikiane, akabaki amechuchumaa hivyohivyo, wakaanza kubishana kuhusu mteremko. Khamisi anataka mbao za futi sita, Elifuraha anasema kwa futi sita ataserereka mpaka stesheni, zinatakiwa kumi na mbili. Nikawaambia wanyamaze, nikashika futi, nikapima ngazi ya kwanza.